Vinyoya Ambavyo Sikuvivukiza

Nyuma ya jengo ninamokaa siku hizi kuna watu wanaochinja kuku wa kuuza. Asubuhi huwachovya kwenye pipa la maji ya moto ili wanyonyoke vizuri, na harufu ya manyoya yaliyopata mvuke hupanda hadi dirishani kwangu. Wenzangu ninaokaa nao wakiisikia hufikiria mchuzi. Mimi hujikuta nimesimama katikati ya chumba, kitana mkononi, nikijaribu kukumbuka ni kazi gani nimesahau kuifanya.

Nimemaliza chuo na ninasubiri barua ya kuajiriwa. Mtu wa namna hiyo ana muda mwingi wa kufikiri, na mimi sikuhitaji kuongezewa. Juzi, harufu hiyo ikiwa bado chumbani, nilifungua gazeti nikaona habari ya mistari minne chini kabisa ya ukurasa wa michezo: timu yetu ya taifa ya mpira wa vinyoya imefungwa ugenini, michezo yote. Hapakuwa na jina la mchezaji hata mmoja. Nikaisoma mara tano au sita. Nikawaza kwamba ipo nyumba fulani ambamo mistari hiyo minne inasomwa kwa sauti ya chini, na pengine humo ndani kuna mtoto anayejua kitu ambacho gazeti halikijui.

Mimi niliwahi kuwa mtoto huyo. Watu wa umri wangu wakikumbuka wakati Uhuru unakuja, wanakumbuka bendera za karatasi na gwaride la shule. Mimi pia ninazikumbuka, lakini kwanza kabisa ninakumbuka birika.

Nilikuwa nikilelewa na Bibi, Mkuyuni, Mwanza. Baba alikuwa karani wa pamba huko Misungwi na mama alikuwa naye. Mimi niliachwa mjini ili nisome. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na Ba'mdogo Hamisi, mdogo wake baba, fundi viatu, ambaye alikuwa bado hajaoa na Bibi hakumwacha asahau jambo hilo. Bibi alikuwa Msukuma aliyeolewa na mtu wa Ujiji, Mwislamu, nusu Mmanyema nusu Mwarabu. Kwa hiyo kwetu tulisali, tukala ugali wa mtama na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na tukagombezwa kwa Kiswahili ambacho kila herufi r ilikuwa l.

Ba'mdogo alishona viatu, mikanda ya mashine, mipira ya miguu iliyopasuka na, kwa sababu mkono wake ulijua kuvuta uzi bila kuukata, raketi za mpira wa vinyoya. Raketi hizo zilikuwa za Wahindi wenye maduka. Wakati huo hawakuwa na ukumbi. Walicheza nje, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule yao, karibu na ziwa, jioni wakishafunga maduka. Raketi iliyofungwa nyuzi upya lazima ijaribiwe, na ndivyo Ba'mdogo alivyojifunza mchezo wenyewe: kwa kujaribu kazi yake. Siku moja Bwana Kanji, muuza vitambaa aliyekuwa kiongozi wa wachezaji wa mji mzima, alisimama upande wa pili wa neti amsaidie kujaribu. Akafungwa. Akataka warudie, akafungwa tena.

"Fundi," alisema akijifuta jasho, "umenifunga mbele ya wateja wangu. Kesho njoo unifunge tena, labda mara hii nitaelewa unafanyaje."

Kuanzia hapo Ba'mdogo akawa mmoja wao uwanjani, ingawa chai alikuwa bado anainywa akiwa amesimama.

Mazoezi mengine aliyafanya nyumbani. Ua wetu ulikuwa kati ya majabali mawili makubwa, na kamba ya kuanikia nguo ndiyo iliyokuwa neti. Yeye alisimama akitazama ziwa, mimi nikasimama nimeligeuzia ziwa mgongo na raketi iliyonizidi urefu wa mkono. Kila alasiri upepo ulitoka ziwani, ukapenya kati ya yale majabali na kupita uani kwetu. Ba'mdogo alipiga kinyoya juu na kwa nguvu, unaona kabisa kwamba kinakwenda kuangukia kwenye banda la mbuzi nyuma yangu, halafu kinasita hewani na kudondoka juu ya mstari, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani. Wachezaji waliotoka Tabora na Dar es Salaam kuja kucheza Mwanza walisema hawajapata kuona mkono wa namna hiyo. Wote walisifu mkono. Hakuna aliyesema habari za upepo. Wageni walidhani siku waliyokuja ndiyo ilikuwa ya upepo, na sisi wenyeji tulikuwa hatuutaji, kama ambavyo mtu hataji kuta za nyumba yake.

Kazi yangu mimi ilikuwa mvuke. Kinyoya ni kitu kidogo cha ajabu: kichwa cha gome laini na manyoya ya bata yaliyopangwa duara. Manyoya yakikauka hukatika upesi, kwa hiyo siku moja kabla ya kucheza mtu hukishika kinyoya juu ya mdomo wa birika linalochemka, akakizungusha, akakitia kwenye kopo na kukiacha kipumzike. Ba'mdogo alinifundisha akiwa amechuchumaa mbele ya jiko.

"Ukipunguza, yanakatika. Ukizidisha, yanakunywa maji, yanakuwa mazito, na kinyoya kizito kinaruka mbali kama jiwe. Umeelewa, Bi Wasiwasi?"

"Na kama sijui kama nimezidisha?"

"Utajua tu."

"Na kama sijui kama nimejua?"

Akanitazama. "Basi muulize Bibi, na Mungu akusaidie."

Hilo jina la Bi Wasiwasi alinipa yeye, na wala hakukosea. Nilivukiza vile vinyoya kama muuguzi anayepima homa. Nilihesabu hadi ishirini, nikajiuliza kama nilihesabu haraka, nikaanza upya.

Halafu ikaja barua. Bwana Kanji aliileta mwenyewe kwa miguu hadi Mkuyuni, viatu vyake vyeupe vimegeuka rangi ya barabara. Inaundwa timu ya Tanganyika, alisema. Siyo ya mji, siyo ya jamaa fulani, ya Tanganyika yote, na itavuka ziwa kwenda Kampala kucheza na timu ya Uganda. Haijapata kutokea. Wachezaji ni wanne: wawili kutoka Dar es Salaam, mmoja Tanga, na wa nne ni Hamisi. Yeye Kanji atakwenda nao kama msimamizi.

Ba'mdogo alichukua kiatu alichokuwa akikishona, akakiweka chini, akakichukua tena.

"Huko Uganda," Bibi aliuliza, "kuna wasichana?"

"Wapo, mama," alisema Bwana Kanji.

"Basi mpelekeni haraka." Kwake ilitoka "halaka", na Ba'mdogo akacheka mpaka akapata mahali pa kuweka furaha yake.

Hapa inabidi nieleze nilivyokuwa nikiielewa dunia, maana bila hilo yaliyofuata hayana maana. Miezi ile kila mtu alizungumza habari za kujitawala. Sokoni, kwenye kibanda cha Ba'mdogo, barazani, nilisikia maneno yaleyale: je, tuko tayari? Wapo wanaosema hatujawa tayari. Lazima tuwaonyeshe. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, na shuleni, ukiambiwa uonyeshe kwamba uko tayari, maana yake ni mtihani. Nikawa ninangoja kujua mtihani huo ni upi na nani ataufanya. Siku Bwana Kanji alipotamka timu ya Tanganyika, Tanganyika yote, watu wanne, nikawa nimepata jibu. Mtihani ni huu. Ba'mdogo wangu na wenzake watatu watakwenda Kampala, wakishinda tutapewa Uhuru, wakishindwa tutaambiwa turudie darasa.

Sikumwuliza mtu yeyote. Jambo likiwa kubwa sana mimi hushindwa kuuliza, kwa kuogopa kwamba jibu litalifanya liwe kweli.

Siku chache kabla ya safari mvua za vuli zilikuwa zimekaribia. Mbingu ilikuwa nzito na ziwa limetulia kama mafuta. Siku moja nilipewa vinyoya sita nivivukize. Nilikwenda kuchota maji ya birika, nikakuta watoto wa jirani wanacheza rede, nikasema nitacheza mara moja. Nilicheza hadi mama zao walipowaita. Niliporudi Bibi alikuwa amelichukua birika kwa chai, na mimi nikavirudisha vinyoya kwenye kopo vilevile, vikavu, nikafunika na kwenda kulala.

Alasiri ya siku ya pili Ba'mdogo akavua shati, akasimama mahali pake. Bibi alikuwa pembeni na ungo na mtama wake wa kupepeta, anatazama juu.

"Leo upepo umekwenda wapi?" alinung'unika. "Mtama wangu utalala na makapi."

Ba'mdogo akapiga kinyoya cha kwanza. Kilivuka mstari wa nyuma, kikapita juu ya kichwa changu na kuangukia kwenye banda la mbuzi. Akapiga cha pili, kikaenda hukohuko. Cha tatu kikagonga jabali, nikaona unyoya mmoja umekatika. Nikauficha ndani ya kiganja. Cha nne na cha tano, bandani. Mbuzi walianza kulia. Ba'mdogo akatazama raketi yake, akazigusa nyuzi, akatazama mkono wake. Kisha akanitazama mimi, akatabasamu.

"Bi Wasiwasi. Jana umezidisha mvuke, siyo?"

Mara ngapi nimelirudia swali hilo kichwani! Aliniuliza kwa upole, jibu likiwa tayari ndani yake. Ukweli ulikuwa kwamba sikuvukiza hata kidogo, kwamba nilicheza rede wakati nchi nzima inangoja Uhuru. Kosa alilonipa yeye lilikuwa dogo kuliko langu. Lilikuwa kosa la mtoto aliyejitahidi kupita kiasi. Nililipokea kama mtu anayepewa nguo safi.

"Ndiyo, Ba'mdogo," nikasema. "Nilizidisha."

"Ndiyo maana vimekuwa vizito." Akaziachia nyuzi za raketi, uso wake ukafunguka. "Nilidhani mkono umeharibika. Usilie, mama, havikuvunjika. Tutavukiza vingine."

Bibi akauweka ungo ndani. Ba'mdogo akaenda kuoga, anaimba. Kama ningesema neno moja la kweli, asingekuwa na mahali pa kutupia lawama. Angetafuta sababu nyingine, angemsikia Bibi na malalamiko yake, angetazama ziwa. Mtu mwenye akili kama yake angefika. Lakini nilimpa sababu, na mtu akishapata sababu hatafuti tena.

Siku ya kuondoka tulikwenda bandarini. Wachezaji wa Dar es Salaam na Tanga walikuwa wamefika kwa treni, vijana wa Kihindi wenye suruali nyeupe, na Ba'mdogo katikati yao na koti la kuazima. Bwana mmoja aliyevaa tai akapanda juu ya sanduku na kuwahutubia. "Macho yote yako kwenu," alisema. "Wapo wanaosema hatuko tayari. Nendeni mkawaonyeshe." Watu wakapiga makofi. Mimi nilijiona nimesimama na kiberiti mkononi katikati ya nyasi kavu.

"Mbona umenuna?" Ba'mdogo aliniuliza alipoinama kuniaga. "Nikuletee nini?"

"Ushinde."

"Hicho hakiuzwi dukani."

"Ushinde tu, Ba'mdogo."

Akanishika kichwa, akapanda meli.

Simu ya maandishi ilifika dukani kwa Bwana Kanji kabla wao wenyewe hawajarudi, na mji mzima ukajua: Tanganyika imefungwa michezo yote. Walipofika, wale watatu walipanda treni kurudi makwao. Ba'mdogo alirudi nyumbani, akalivua koti la watu, akalikunja vizuri.

"Habali ya huko?" Bibi aliuliza.

"Njema, mama. Nimefungwa."

Kwa siku kadhaa kibanda chake kilijaa watu wenye maelezo. Mmoja alisema ni ndizi za kule, haziupi mwili nguvu. Mwingine alisema Kampala iko juu ya vilima na pumzi huko ni fupi. Ba'mdogo alisikiliza, akishona. Yeye alikuwa na maelezo yake, na aliyasema kwa utulivu wa fundi anayejua kifaa kibovu akikiona.

"Vinyoya vyao," alisema. "Wametufungia ndani ya ukumbi mkubwa, milango yote imefungwa, madirisha yamefungwa, unasikia hata viatu vya mwenzako. Napiga pale ninapopiga siku zote, kinyoya kinavuka mstari. Napiga tena, kinavuka. Nikipunguza nguvu, kinafia kwenye neti. Nikasema haa, hili ninalijua." Akanitazama, akakonyeza jicho. "Kule nako wanazidisha mvuke, Bi Wasiwasi. Wana watoto wenye wasiwasi kuliko wewe."

Watu wakacheka. Mimi nilitoka nikaenda kujificha nyuma ya jabali.

Na haikuishia hapo. Bwana Kanji alileta habari kwamba timu ya Uganda itakuja kurudiana, Dar es Salaam, baada ya sherehe za Uhuru, na kwamba wachezaji watakuwa walewale endapo kila mmoja ataeleza kilichomsibu. Ba'mdogo alitaka iandikwe barua rasmi kudai vinyoya vipimwe kabla ya mchezo. Bwana Kanji alisitasita.

"Fundi, wale wengine watatu hawakulalamikia vinyoya. Wao walifungwa tu."

"Kwa sababu hawavijui kama ninavyovijua mimi."

"Nikiandika barua hiyo na vikapimwa vikaonekana sawa, jina lako hawatalisoma tena. Una hakika?"

"Nina hakika," alisema Ba'mdogo. "Nimeshaona kwa macho yangu, hapahapa uani."

Bwana Kanji akasema ataiandika mwisho wa juma. Nilikuwa nimekaa mlangoni na daftari langu, ninasikia kila neno.

Shuleni, wakati huo, walikuwa wanatufundisha wimbo mpya wa taifa. Sikuimba. Nilifungua mdomo na kuufunga pamoja na wengine, maana niliona ni vibaya kujifunza wimbo wa kitu ambacho mimi ndiye niliyekizuia kisije. Niliwahurumia walimu. Nyumbani sikula. Bibi alinipa dawa ya mizizi ya kuchemsha, nikainywa, sikula vilevile. Hatimaye, alasiri moja, Ba'mdogo akaniita kibandani, akaniweka juu ya kigoda cha wateja.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna."

"Mwalimu?"

"Hapana."

"Basi sema, au nitakushona mdomo kwa uzi huu, usifunguke mpaka Uhuru."

Nikaanza kulia kwa sauti. "Uhuru hauji," nikasema. "Mmefungwa. Wataambia dunia hatuko tayari. Na ni kwa sababu yangu."

Kwanza hakuelewa. Nikamweleza kuhusu mtihani, kuhusu yule bwana wa tai, kuhusu kurudia darasa. Nilipokuwa ninaeleza uso wake ulianza kutikisika, kisha akaangusha kichwa juu ya meza ya misumari na kucheka. Alicheka akijipiga paja, machozi yakamtoka, akamwita fundi wa kibanda cha jirani aje asikie. "Huyu! Huyu hapa alidhani Malkia anangoja matokeo yangu!"

Nilipaswa kufurahi. Nchi ilikuwa salama. Lakini mimi ni mtu ambaye hofu ikiondolewa juu huiona nyingine iliyokuwa chini yake. Na hiyo nyingine haikuhusu nchi, ilimhusu yeye na ile barua ya mwisho wa juma.

"Ba'mdogo," nikasema, "vile vinyoya sikuvivukiza."

Aliendelea kucheka kidogo. "Vipi?"

"Siku ile vilipokwenda bandani. Sikuzidisha. Sikuvivukiza kabisa. Nilicheza rede. Vilikuwa vikavu. Unyoya mmoja ulikatika nikauficha."

Kicheko kilikwisha. Fundi wa jirani akatutazama, akarudi kibandani kwake.

"Vikavu," alisema Ba'mdogo.

"Ndiyo."

"Kinyoya kikavu ni chepesi. Hakiendi mbali." Alikuwa hasemi na mimi tena. "Kwa nini viliruka?"

"Sijui. Bibi hakupepeta mtama siku ile. Alisema upepo haupo."

Akageuka polepole upande wa ziwa, sindano mkononi. Ilikuwa alasiri, na upepo ulikuwa umeshaanza. Ulikuwa unacheza na vipande vya ngozi vilivyoning'inia mlangoni. Alivitazama kwa muda mrefu. Niliona vidole vyake vikisogea, vinapiga kinyoya kisichokuwepo, kwa nguvu, halafu kwa nguvu ndogo zaidi.

Nilingoja aniite Bi Wasiwasi. Badala yake alisimama na kigoda chake kikaanguka.

"Uliniangalia usoni ukaniambia ndiyo," alisema. "Nimekwenda mpaka Kampala na hiyo ndiyo yako. Nimesimama mbele ya watu na jina la nchi kifuani, nimekaa meli nzima njia ya kurudi najiambia ni vinyoya. Nilitaka kuwatukana watu kwa barua! Toka. Toka mbele yangu."

Sikuwahi kumwona akikasirika, si kwangu. Alikasirika kweli. Hakuniambia mimi ni mtoto tu, hakuniambia si kitu. Jioni hiyo alikula akiwa amenipa kisogo. Kesho yake asubuhi nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama mlango. Uhuru ukaja siku chache baadaye. Nikaenda na bendera yangu ya karatasi, nikaimba wimbo ambao maneno yake sikuyajua vizuri, na nikiwa katikati ya furaha ile yote nilijua kwamba kuna mtu mmoja duniani amenikasirikia kwa haki. Huenda nitaonekana wa ajabu nikisema kwamba usiku huo nililala vizuri. Maisha yangu yote hadi siku hiyo nilikuwa nimeogopa lawama za mambo ambayo sikuyafanya. Hii niliifahamu ukubwa wake. Ilikuwa na kuta.

Barua haikuandikwa. Ba'mdogo alikwenda kwa Bwana Kanji akamweleza mwenyewe kilichotokea, sehemu ya upepo, siyo sehemu yangu. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Aliitwa tena. Dar es Salaam, ndani ya ukumbi uliofungwa, alishinda mchezo wake mmoja na kufungwa mwingine, na timu kwa jumla ilifungwa. Hakuitwa mara ya tatu, umri ulikuwa umemtupa mkono na vijana walikuwa wengi. Ukitafuta historia ya timu yetu dhidi ya mataifa mengine, miaka ile ya mwanzo inatosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na karibu wote ni kufungwa. Mchezo ule mmoja umo humo. Ninajua ulitoka wapi.

Ulitoka kwenye ghala. Siku ya tano ya ukimya wake Ba'mdogo alisimama mlangoni na raketi kwapani, akasema, "Vaa viatu." Sikuuliza tunakwenda wapi. Tulitembea hadi upande wa Nyakato, kwenye ghala moja la pamba aliloombea ruhusa kwa mlinzi, mteja wake. Msimu ulikuwa umekwisha na ghala lilikuwa tupu, sakafu ya saruji na mabaki ya pamba pembeni. Alichora mistari kwa chaki, akafunga kamba. Kisha akaivuta milango ya bati, mmoja halafu wa pili, na sauti ya ziwa, ambayo sikujua kwamba nilikuwa ninaisikia maisha yangu yote, ikakatika.

"Kaa kule nyuma, kwenye mstari," alisema. Ilikuwa sentensi ya pili siku hiyo. "Kikianguka, sema ni ndani au nje. Basi."

Akapiga.

"Nje," nikasema.

Akapiga tena, na tena. Nje. Nje. Mkono wake ulikuwa unasukuma kitu ambacho hakikuwepo. Fulana ilimlowa, nyuzi za pamba zikamganda mabegani. Alipopunguza, kinyoya kilifia kwenye kamba, akatukana kwa Kisukuma. Joto lilikuwa kama la tanuri. Nilitamani sana amalize, anisamehe, turudi nyumbani.

Kisha akapiga kimoja kizuri. Kilipanda juu karibu na paa, kikageuka, kikashuka kimenyooka kuelekea kwangu, na Ba'mdogo alikuwa ameshainua mikono kabla hakijafika chini. Kiligusa saruji mbele ya vidole vyangu vya miguu.

"Ndani!" alipiga kelele. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku zile zote, na alikuwa anacheka na mimi. "Ndani hicho! Umeona?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Herufi tano, na tungekuwa marafiki tena. Nilitazama chaki, nikatazama mahali kilipogusa, nikatazama tena chaki.

"Nje, Ba'mdogo."

Mikono yake ikashuka. Alinitazama, anahema, jasho linamdondoka kidevuni.

"Kwa kiasi gani?" aliuliza.

Nikainama, nikapima kwa vidole, nikainua mkono juu ili aone: vidole viwili.

Akatikisa kichwa kukubali, akatoa kinyoya kingine mfukoni.

"Tazama tena," alisema.